Michezo ya Madola, na Habari za Mji wa Glasgow

Wengi katika wasomaji wetu wamesikia habari za mashindano makubwa yaitwayo Michezo ya Madola, hasa katika miaka ile ambayo mkimbiaji wa nchi zetu alirudi nyumbani na nishani ya dhahabu kifuani. Lakini ukiuliza mashindano hayo yalianzaje, na nani wana haki ya kuyaingia, na kwa nini yamebadilisha jina mara tatu, ni wachache watakaojibu pasipo kubahatisha. Tena uko mji mmoja huko Uskoti, jina lake Glasgow, ambao umehusika sana na michezo hii katika karne hii yetu. Na mtu wa kwetu akifika huko atakuta mambo mengi yanayohusu nchi zake mwenyewe pasipo kuyatazamia. Basi tumeona vema kueleza yote mawili, kwanza michezo, kisha mji.

Ifahamike kwanza kwamba Jumuiya ya Madola ni ushirika wa nchi 56, na nyingi katika hizo zilikuwa zamani chini ya utawala wa Waingereza. Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Rwanda iliingia mwaka 2009, ingawa haikutawaliwa na Waingereza. Burundi na Kongo hazimo. Lakini timu zinazokuja katika michezo huzidi 70, na jambo hili huwatatiza watu. Sababu yake ni hii: England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, ambazo katika Michezo ya Olimpiki hushindana chini ya bendera moja, katika michezo hii kila moja huja peke yake na bendera yake, na visiwa vidogo kama Jersey na Isle of Man vivyo hivyo. Unguja na Pemba haviendi peke yake. Wanamichezo wa huko huingia katika timu ya Tanzania.

Aliyeanzisha michezo hii hakuwa mfalme wala waziri, bali mwandishi wa habari za michezo katika gazeti la mji wa Hamilton, nchi ya Kanada, jina lake Melville Marks Robinson, ambaye rafiki zake walimwita Bobby. Mwaka 1928 alikwenda Amsterdam pamoja na timu ya Kanada katika Michezo ya Olimpiki, na huko akazungumza na wakubwa wa timu za nchi nyingine za Dola ya Kiingereza, akiwashawishi wawe na mashindano yao wenyewe. Wengi walisita. Safari ya kuvuka bahari ilikuwa ya gharama, na dunia ilikuwa inaingia katika miaka ya dhiki kuu ya fedha. Ndipo mji wa Hamilton ukatoa dola 30,000 kuzisaidia timu katika nauli, na kuahidi kuwalisha na kuwalaza wageni wote. Ahadi hiyo ndiyo iliyofanya michezo iwepo.

Basi mwezi wa Agosti 1930 wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 11 walikusanyika Hamilton. Walilazwa katika shule iliyokuwa jirani ya uwanja, vitanda vikapangwa madarasani, watu yapata ishirini na zaidi katika chumba kimoja. Walimu watakaosoma haya wataweza kupiga picha ya hali hiyo akilini mwao bila taabu! Michezo ilikuwa ya aina sita tu, na wanawake waliruhusiwa katika kuogelea peke yake. Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Mkanada, Gordon Smallacombe, katika kuruka hatua tatu. Kutoka Afrika ilikuja timu moja tu, ya Afrika Kusini.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Michezo ya pili, ya mwaka 1934, ilikuwa imeahidiwa mji wa Johannesburg. Lakini watu wakauliza: wanamichezo weusi, na wale wa asili ya Asia, watapokewaje huko? Watalala wapi, watakula wapi, watakimbia katika mstari mmoja na wazungu? Majibu hayakuridhisha, na michezo ikahamishiwa London. Jambo hilo twalitaja makusudi, kwa sababu swali lililoulizwa mwaka ule halikufa. Lilirudi tena na tena kwa muda wa miaka sitini, kama tutakavyoona. Huko London wanawake waliruhusiwa kushindana katika mbio pia. Mwaka 1938 michezo ilifanyika Sydney, kisha vita vikuu vikaizuia miaka ya 1942 na 1946, ikarudi mwaka 1950 katika mji wa Auckland.

Hata mwaka 1954, katika mji wa Vancouver, ndipo Kenya na Uganda zilipotokea mara ya kwanza. Mtu wa Kisii, Nyandika Maiyoro, alikuwa wa nne katika mbio za maili tatu, na katika kuruka juu Patrick Etolu wa Uganda alipata nishani ya fedha. Aliyemshinda Etolu alikuwa Emmanuel Ifeajuna wa Nijeria, aliyeruka futi 6 na inchi 8, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu katika michezo hii. Lakini gazeti za siku zile ziliandika zaidi habari za mbio za maili moja, ambazo twazisimulia kwa kuwa zina kisa.

Mwezi wa Mei mwaka ule Mwingereza Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Siku arobaini na sita baadaye Mwaustralia John Landy akamzidi kwa upesi. Hakuna mwingine aliyepata kufanya hivyo; basi watu wawili hao walipokutana Vancouver, tarehe 7 Agosti, dunia nzima ilingoja. Landy alitangulia tangu mwanzo, Bannister akimfuata nyuma. Katika kona ya mwisho Landy akageuza shingo kutazama kushoto, ajue mwenzake yu wapi. Na wakati uo huo Bannister akampita upande wa kuume. Wote wawili walimaliza chini ya dakika nne, Bannister mbele. Baadaye watu wa Vancouver walisimamisha sanamu ya wakimbiaji hao wawili, Landy akiwa katika hali ile ile ya kutazama nyuma, na bila shaka hiyo ni adhabu kali kwa kugeuza shingo mara moja.

Miaka minne baadaye, katika michezo ya Cardiff, Wakenya wawili, Arere Anentia na Bartonjo Rotich, walipata nishani za shaba. Ndipo pia ilipoanza desturi ya kupokezana kijiti chenye ujumbe wa Malkia ndani yake, kilichokuwa kikichukuliwa kutoka nchi hata nchi mpaka siku ya ufunguzi.

Dhahabu ya kwanza ya Kenya ililetwa na mtu wa Pwani. Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa asili ya Goa, alikwenda Perth mwaka 1962 akashinda yadi 100, kisha akashinda yadi 220 pia. Watu wengi wa leo hudhani kwamba wakimbiaji wetu walianza kuwa mashuhuri kwa mbio ndefu za milimani. Sivyo. Wa kwanza kupata dhahabu alitoka usawa wa bahari, na alishinda mbio fupi kupita zote. Ilipasa kungoja miaka 60, mpaka Birmingham mwaka 2022, ndipo Mkenya mwingine, Ferdinand Omanyala, akashinda tena mbio hizo, ambazo sasa ni za mita 100.

Tangu hapo mambo yaliongezeka upesi. Mwaka 1966, mjini Kingston, Jamaika, Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu, na Naftali Temu akashinda maili sita. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, vipimo vya yadi na maili viliachwa vikatumiwa vya mita, na Keino akashinda tena, safari hii katika mita 1500.

Lakini kama tungeombwa kuchagua mbio moja tu katika historia yote ya michezo hii, tungechagua zile za mita 1500 za mwaka 1974 mjini Christchurch, New Zealand. Kijana wa Tanzania, Filbert Bayi, mwenye umri wa miaka 20, alikuwa na tabia ambayo wafundishaji wengi waliiona ni ya kipumbavu: alitoka mbio tangu bunduki ilipolia, akawaacha wenzake mbali, kana kwamba hakuambiwa kuwa bado mizunguko mitatu. Desturi ya wakimbiaji wa mbio hizo ni kukaa kundini, kutunza nguvu, na kufyatuka mwishoni. Bayi hakufanya hivyo. Katika mzunguko wa mwisho John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfukuza huku watu wake wakipiga kelele, akamsogelea, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32 na nukta mbili, wala hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia mbio hizo upesi namna ile. Walker naye, ingawa alishindwa, alivunja rekodi ya zamani ya dunia, na wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo ile ile alishinda mbio mbili nyingine. Watanzania wengine walifuata njia hiyo: Gidamis Shahanga alishinda mbio ndefu za marathoni mwaka 1978 mjini Edmonton, na mita 10,000 mwaka 1982 mjini Brisbane, na mwaka 2006 mjini Melbourne, Samson Ramadhani akashinda marathoni.

Sasa turudi kwenye lile swali la mwaka 1934. Afrika Kusini ilitoka katika Jumuiya mwaka 1961, kwa ajili ya siasa yake ya kutenga watu kwa rangi, lakini ugomvi haukutoka pamoja nayo. Mwaka 1986 michezo ilirudi Edinburgh. Serikali ya Uingereza ya wakati huo, chini ya Bi. Margaret Thatcher, ilikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya biashara kama nchi nyingine zilivyotaka. Basi nchi moja baada ya nyingine ikatangaza kwamba haitapeleka timu, hata zikawa 32 katika nchi 59 zilizokuwa na haki ya kwenda. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa hizo. Timu ya Bermuda ilikuwa imekwisha fika, ikapita na bendera yake siku ya ufunguzi, kisha ikaondoka.

Yafaa msomaji apime jambo hili pande zote mbili. Mkimbiaji ana miaka michache tu ya nguvu, na michezo hii huja mara moja katika miaka minne. Wako waliojizoeza kwa miaka hiyo yote, wakaambiwa wafungue mizigo yao siku chache kabla ya safari, na nafasi haikurudi. Hao ndio waliolipa gharama, wala si mawaziri. Hata hivyo hatuoni kwamba nchi zile zilikosea. Viwanja vya Edinburgh vilionekana vitupu machoni pa dunia, na weupe wa timu zilizobaki ulisema neno ambalo hotuba nyingi hazikuweza kulisema. Afrika Kusini ilirudi michezoni mwaka 1994, katika mji wa Victoria huko Kanada, mwaka ule ule ambao watu wake wote walipiga kura.

Habari za majina ni fupi. Kwanza iliitwa Michezo ya Dola ya Kiingereza. Tangu 1954 likaongezwa neno la Jumuiya. Mwaka 1970 neno Dola likaondolewa. Na tangu 1978 yaitwa Michezo ya Jumuiya ya Madola tu. Tangu mwaka 2002 mashindano ya walemavu yamo ndani ya michezo hii hii, na nishani zao zahesabiwa pamoja na nyingine, jambo ambalo Olimpiki haifanyi.

Liko bado deni moja. Michezo hii haijapata kufanyika katika bara la Afrika hata mara moja. Mji wa Abuja uliomba michezo ya mwaka 2014, ukashindwa na Glasgow kwa kura 47 kwa 24. Durban ilipewa ile ya mwaka 2022, lakini ikanyang'anywa mwaka 2017 kwa kutotimiza masharti ya fedha, na Birmingham ikaipokea badala yake. Abuja iliomba tena ile ya mwaka 2030, nayo ikapewa Ahmedabad, nchi ya India. Na tusidhani kwamba ni Afrika tu inayoshindwa na gharama. Jimbo la Victoria huko Australia lilikuwa limekubali kuipokea michezo ya mwaka 2026. Mwezi wa Julai 2023 serikali ya jimbo hilo ikajitoa, ikisema kwamba gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 2.6 za Australia ingepita bilioni 6. Ikalazimika kulipa fidia kubwa kwa kuvunja mapatano. Kwa muda wa mwaka mzima haikujulikana kama michezo itakuwapo au itakufa. Ndipo mwaka 2024 Glasgow ikajitokeza na shauri la namna nyingine: aina 10 tu za michezo, viwanja vinne tu ambavyo vyote vimekwisha kujengwa, na wanamichezo kulala katika hoteli na mabweni badala ya kujengewa kijiji kizima. Sehemu ya fedha ikatoka katika ile fidia ya Victoria. Siku zikapangwa kuwa tangu 23 Julai mpaka 2 Agosti 2026. Msomaji ataona kwamba shauri hili lakaribiana sana na lile la Hamilton na madarasa yake.

Glasgow basi ni mji gani? Ni mji mkubwa kupita yote katika Uskoti, wenye watu laki sita na zaidi, ingawa mji mkuu ni Edinburgh, ambao uko mwendo wa saa moja kwa treni upande wa mashariki. Wapitiwa na mto uitwao Clyde. Chuo chake kikuu kilianzishwa mwaka 1451. Watu wake ni wakunjufu, wenye maneno mengi na mzaha; Kiingereza chao ni cha namna ya peke yake, na mgeni aliyejifunza lugha hiyo shuleni asione haya akiomba kurudiwa neno mara ya pili, kwa maana hata Mwingereza wa London huomba hivyo.

Atakayekwenda kutoka kwetu apate kwanza hati ya ruhusa ya kuingia Uingereza, nayo aiombe mapema kabla ya kununua tikiti ya ndege. Fedha ni paundi. Lakini Waskoti wana noti zao, zinazochapwa na mabenki matatu ya huko, na picha zake si zile za noti za England. Thamani ni moja, ila wako wenye maduka huko England wanaosita kuzipokea. Basi ni vema kuzitumia kabla ya kuondoka Uskoti. Na mvua, ichukuliwe kuwa ni mwenyeji. Hata katika Julai, mwezi wa kiangazi, mtu asitoke nyumbani bila koti. Jambo litakalomshangaza zaidi ni mchana: katika mwezi huo jua huchwa karibu na saa nne ya usiku kwa hesabu yetu, na hucheza angani tena kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Saa zetu za Kiswahili, ambazo huhesabiwa tangu mawio na machweo, hazina kazi huko. Tena Mwislamu akiwa safarini na atafute ratiba ya sala ya mji wenyewe, maana kati ya magharibi na alfajiri kuna usiku mfupi mno.

Ndani ya mji kuna treni ipitayo chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1896. Ni mduara mmoja wenye vituo 15. Behewa zake ni ndogo kama za watoto, na mtu mrefu hana budi kuinama. Wema wake ni kwamba mgeni hawezi kupotea: akipitwa na kituo chake, na akae tu, baada ya dakika ishirini na nne hivi atakipata tena.

Wenye kupenda michezo watazame uwanja wa Hampden Park. Huo ni uwanja wa mpira wa miguu, na mwaka 2014 haukuwa na nafasi ya njia ya wakimbiaji. Mafundi hawakuvunja kuta; walisimamisha vyuma vifupi yapata 6,000, wakaweka sakafu juu yake, wakauinua uwanja mzima karibu mita mbili, hata ukawafikia watazamaji waliokaa safu za chini, na hapo juu pakapatikana upana wa kutosha. Mashindano yalipokwisha wakaviondoa. Juu ya sakafu hiyo ndipo Julius Yego wa Kenya alipopata dhahabu kwa kutupa mkuki, mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa kutazama picha za watupaji wa ng'ambo katika kompyuta, kwa kuwa nyumbani hakuwa na mwalimu wa kumfundisha. Hapo pia Moses Kipsiro wa Uganda alishinda mita 10,000, na Wakenya watatu wakachukua nishani zote tatu za mbio za kuruka viunzi na maji. Nyumba 700 zilizojengwa mtaa wa Dalmarnock kuwalaza wanamichezo wakati huo sasa ni makazi ya watu wa mji.

Katikati ya mji majumba ni ya mawe makubwa, yenye nakshi, na mgeni atauliza utajiri huu ulitoka wapi. Majina ya njia yatamjibu. Kuna Njia ya Virginia na Njia ya Jamaika. Katika karne ya kumi na nane wafanyabiashara wa Glasgow walitajirika kwa tumbaku na sukari iliyolimwa na watumwa kutoka Afrika, na baadhi ya njia zaitwa kwa majina ya wafanyabiashara hao, kama Buchanan na Glassford. Wenyeji hawalifichi jambo hilo siku hizi; mwaka 2022 baraza la mji liliomba radhi hadharani. Na si mbali na hapo, katikati kabisa ya mji, kuna mahali paitwapo Nelson Mandela Place. Glasgow ilimpa Mandela heshima ya uraia wa mji mwaka 1981, alipokuwa angali kifungoni, ikiwa mji wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa mgomo wa Edinburgh, baraza likabadilisha jina la kiwanja hiki. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni ya kuchekesha: ofisi ya balozi mdogo wa Afrika Kusini ilikuwa hapo hapo, basi tangu siku ile kila barua iliyompelekea ilikuwa haina budi kuandikwa jina la mfungwa wao. Mandela alifika mwenyewe mwaka 1993 kuwashukuru.

Kisha aende mtoni. Kabla ya vita vya 1914 yasemekana meli moja katika kila tano zilizoundwa duniani ilitoka katika mto Clyde. Leo viwanda vilivyobaki ni vichache, lakini kuna jumba la makumbusho ya vyombo vya usafiri ukingoni, liitwalo Riverside, ambalo mtu huingia bila kulipa, na ndani yake limo garimoshi kubwa mno lililoundwa Glasgow likapelekwa kutumika Afrika Kusini. Kwetu vilevile yalifika mengi. Magarimoshi ya daraja la 29 ya reli ya Afrika ya Mashariki, yaliyopewa majina ya makabila yetu, yaliundwa katika mji huu baada ya mwaka 1950. Meli za kwanza za Ziwa Victoria, kama William Mackinnon, Winifred, Sybil na Clement Hill, ziliundwa Paisley, mji ulio jirani, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa, zikaunganishwa tena ziwani. Na ile meli Victoria, ambayo wazee wa Mwanza, Bukoba na Kisumu wanaijua vizuri, iliundwa na kiwanda cha Yarrow katika mtaa wa Scotstoun, ikafunguliwa vivyo hivyo, ikapita Mombasa na kupanda reli mpaka Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilitengenezwa upya ikarudi majini mwaka 2020. Mtaa wa Scotstoun ndio wenye uwanja uliochaguliwa kwa mbio za mwaka 2026.

Mahali pa mwisho ni Blantyre, safari fupi ya treni upande wa kusini-mashariki. Hapo alizaliwa David Livingstone mwaka 1813, katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na yeye mwenyewe alitiwa kazini humo akiwa na umri wa miaka kumi. Chumba walimokaa wazazi na watoto wote ni kimoja, na sasa kimo ndani ya jumba la makumbusho lililofunguliwa upya mwaka 2021. Mwalimu atakayefika huko akumbuke habari za Abdullah Susi na James Chuma, ambao bwana huyo alipokufa mwaka 1873 waliongoza wenzao kuuchukua mwili wake kwa miguu, safari ya miezi mingi, mpaka Bagamoyo. Mwaka uliofuata wawili hao waliletwa Uingereza, wakakaa na yule aliyekuwa akizitengeneza daftari za marehemu zipigwe chapa, wakamweleza majina ya mito, vijiji na watu, yale ambayo daftari hazikuyasema.